Je, Ulimwengu Ungeweza Kutoka Pasipo Kitu? Mapitio ya Kitabu cha Lawrence Krauss

Kitabu cha Lawrence Krauss kiitwacho A Universe from Nothing, kilichochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2012, kwa hakika ni vitabu viwili ndani ya jalada moja. Cha kwanza, ambacho kinachukua sehemu kubwa ya sura zake kumi na moja, ni historia ya kosmolojia (elimu ya ulimwengu kwa ujumla wake) ya karne ya 20 iliyoandikwa na mwanafizikia aliyeshiriki mwenyewe katika baadhi ya matukio yake, na ni vigumu kupata masimulizi mafupi yanayoieleza vizuri zaidi kwa msomaji ambaye hakusomea fizikia. Cha pili, kilichomo katika sura tatu za mwisho, ni hoja katika mjadala wa zamani sana, yaani iwapo ulimwengu ungeweza kutokea bila kutanguliwa na kitu chochote. Cha kwanza ninakipendekeza bila kusita. Cha pili kinastahili kusomwa pia, lakini kwa macho makali, kwa sababu mwandishi anajitangazia ushindi ambao ushahidi wake, pamoja na uzuri wake wote, haujampa.

Asili ya kitabu inaeleza mengi kuhusu sauti yake. Krauss alitoa mhadhara juu ya mada hii mwaka 2009 katika mkutano wa wakanamungu, na video ya mhadhara huo ikatazamwa kwenye YouTube zaidi ya mara milioni moja. Maandishi yamebaki na mwendo wa mtu anayezungumza jukwaani: sentensi za haraka, mizaha, na vijembe vya hapa na pale kwa wanatheolojia, vingine vikiwa na maana na vingine vimewekwa tu kwa ajili ya makofi ya wasikilizaji wanaokubaliana naye tayari. Mwandishi Christopher Hitchens alikusudia kuandika dibaji lakini aliaga dunia Desemba 2011, wiki chache kabla ya kitabu kutoka. Mwanabiolojia Richard Dawkins aliandika neno la mwisho, na humo akakilinganisha kitabu hiki na kile cha Charles Darwin cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi. Sifa hiyo ilikitwisha kitabu mzigo kisichoweza kuubeba. Darwin alitumia zaidi ya miaka 20 kukusanya ushahidi na kujibu pingamizi kabla hajachapisha. Krauss, katika sehemu ile inayobishaniwa hasa, anatupa dhana ambazo bado zinasubiri nadharia ya kuzisimamisha.

Sehemu ya kwanza inaanza kwa Albert Einstein na nadharia yake ya mvutano, yaani uhusianifu wa jumla, ambayo milinganyo yake ilionyesha kwamba ulimwengu uliojaa maada hauwezi kukaa kimya mahali pamoja. Kwa kuwa wanasayansi wa wakati huo waliamini kuwa ulimwengu hautanuki wala haunywei, Einstein aliongeza mwaka 1917 konstanti ya kosmolojia ili kuuzuia usijiporomokee. Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji ambaye alikuwa pia mwanafizikia, alionyesha mwaka 1927 kwamba milinganyo hiyohiyo inaelekeza kwenye ulimwengu unaotanuka, na mwaka 1929 Edwin Hubble akatoa vipimo vilivyoonyesha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kukimbia. Krauss anasimulia vizuri kisa cha Papa Pius XII, ambaye mwaka 1951 alitangaza kwamba nadharia ya Mlipuko Mkuu, yaani kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na moto mno kisha ukatanuka, inathibitisha uumbaji unaosimuliwa katika Maandiko. Aliyekosa raha kuliko wote kwa tamko hilo alikuwa Lemaître mwenyewe, kwani aliona nadharia yake kuwa ya fizikia, iliyomwachia kila mtu uhuru wake katika mambo ya imani. Laiti Krauss angeichukua tahadhari hiyo ya padri na kuibeba hadi sura ya mwisho ya kitabu chake, mapitio haya yangekuwa mafupi.

Kutoka hapo tunapelekwa kwenye juhudi za kuupima ulimwengu uzito. Fritz Zwicky aligundua katika miaka ya 1930 kwamba makundi ya galaksi yana uzito mkubwa mno kuliko nyota zinazoonekana, na miongo kadhaa baadaye Vera Rubin akaonyesha kuwa hata galaksi mojamoja zinazunguka kana kwamba zimezama ndani ya maada isiyotoa mwanga. Kisha inakuja sura ninayoiona kuwa bora kuliko zote, inayohusu umbo la ulimwengu. Mwishoni mwa mwaka 1998 puto kubwa lililobeba kifaa cha BOOMERanG lilirushwa likazunguka juu ya Antaktika likipima mnururisho hafifu wa mikrowevu unaotufikia kutoka kila upande wa anga, ule ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliuvumbua mwaka 1964. Katika mnururisho huo kuna madoa yenye joto lililopishana kidogo mno, na fizikia inatuambia ukubwa halisi wa madoa hayo. Hivyo mtu akipima yanaonekana na ukubwa gani angani, anaweza kujua kama miale ya mwanga imepinda njiani au imenyooka. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 yalionyesha madoa yenye upana wa takriban nyuzi moja ya pembe, jambo linalomaanisha kwamba ulimwengu ni bapa, angalau kwa kadiri vipimo vyetu vinavyoweza kutambua. Jinsi Krauss anavyomwongoza msomaji kutoka puto hadi jiometri ya ulimwengu mzima, bila mlinganyo hata mmoja wa kutisha, ni ualimu wa hali ya juu.

Ugunduzi wa mwaka 1998 kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi, uliowapa Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011, anausimulia kwa furaha isiyofichika, kwa kuwa yeye na Michael Turner walikuwa wamependekeza mwaka 1995 kwamba konstanti ya Einstein, inayoupinga mvutano na kuusukuma ulimwengu utanuke, irudishwe. Furaha hiyo haimkeri msomaji. Ni haki ya mtu aliyesema jambo wakati wengi hawakutaka kulisikia.

Sasa tufike kwenye kiini cha mjadala, ambacho ni nishati. Anayesema kwamba haiwezekani ulimwengu utoke pasipo kitu kwa kawaida ana pingamizi moja akilini hata kama halitaji: maada yote hii, galaksi zote hizi, zingetoka wapi ikiwa nishati haiumbwi wala haipotei? Jibu la fizikia ni la kushangaza, na Krauss anastahili shukrani kwa kulifikisha kwa umma. Maada ina nishati chanya, lakini nguvu ya mvutano ina nishati hasi, na hakuna sheria inayozuia hesabu hizo mbili zifutane kabisa. George Gamow amesimulia kwamba siku moja alipokuwa akitembea na Einstein huko Princeton alimtajia wazo la Pascual Jordan kwamba nyota ingeweza kutokea bila gharama ya nishati, kwa kuwa nishati hasi ya mvutano wake ingelingana na nishati chanya ya uzito wake. Einstein alisimama ghafla, na kwa kuwa walikuwa katikati ya kuvuka barabara, magari kadhaa yalilazimika kusimama pia. Mwaka 1973 Edward Tryon alilipanua wazo hilo hadi likaufunika ulimwengu mzima, katika makala aliyoichapisha kwenye jarida la Nature. Kwa mujibu wa kanuni ya kutokuwa na uhakika ya Werner Heisenberg, jambo linaloweza kutokea kwa kuazima nishati kidogo linaruhusiwa kudumu muda mrefu zaidi kuliko lile linaloazima nyingi. Na ikiwa jumla ya nishati ya ulimwengu ni sifuri, basi hakuna deni la kulipwa, na hakuna sababu ya ulimwengu kutoweka mara tu unapotokea.

Hoja hii ni nzuri, na yeyote anayeingia katika mdahalo huu bila kuijua anaingia mikono mitupu. Hata hivyo Krauss anaipitisha kwa wepesi kuliko inavyostahili. Anapozungumzia ulimwengu bapa, anachoonyesha ni kwamba nishati ya mwendo wa galaksi na nishati ya mvutano baina yao hulingana kwa wastani, katika hesabu ambayo Isaac Newton mwenyewe angeielewa. Hesabu hiyo haijumuishi nishati iliyomo katika uzito wa maada yenyewe, ambayo ni kubwa kupita kiasi. Ili kuzungumzia jumla ya nishati yote lazima tuingie katika uhusianifu wa jumla, na humo dhana ya nishati ya ulimwengu mzima ni tete. Kwa ulimwengu uliojifunga, ambao una ukubwa wenye kikomo ingawa hauna ukingo, wanafizikia wanaweza kusema kwa maana maalumu kwamba jumla ni sifuri. Kwa ulimwengu bapa usio na kikomo, swali lenyewe halina jibu moja lililokubalika. Njia ya Krauss ya kuunganisha mambo haya ni kusema kwamba ulimwengu mdogo uliojifunga ungeweza kutokea, kisha ukafumuka kwa kasi kubwa katika sehemu ndogo mno ya sekunde, kama alivyopendekeza Alan Guth mwaka 1981, hata ukaonekana bapa kwetu sisi tunaouona kwa sehemu tu. Hilo linawezekana kabisa. Lakini vipimo vya ubapa alivyotusimulia kwa ustadi katika sura za mwanzo havithibitishi kwamba ulimwengu umejifunga, wala havikanushi, vinaruhusu tu. Msomaji asiyekuwa mwangalifu atadhani kwamba puto la Antaktika limepima jumla ya nishati ya ulimwengu na kukuta sifuri, na sidhani kama Krauss alijitahidi vya kutosha kumwondolea dhana hiyo.

Kuna sura nyingine katikati ya kitabu ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko mwandishi mwenyewe alivyotambua. Kwa kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, galaksi zote zisizofungamana na yetu kwa mvutano zitavuka upeo wa kuonekana, na baada ya miaka trilioni mbili hivi mwanaastronomia yeyote atakayekuwepo ataona galaksi moja tu iliyozungukwa na giza tupu lisilo na mwisho. Mnururisho wa mikrowevu utakuwa umevutwa na kufifia hata usipimike. Mwanaastronomia huyo, awe na akili kiasi gani na vyombo bora kiasi gani, atahitimisha kwa ushahidi wote alio nao kwamba ulimwengu ni galaksi moja, haubadiliki, na hauna dalili ya kuwa na mwanzo. Krauss na Robert Scherrer walilichapisha wazo hili mwaka 2007, na hapa anatuachia funzo la unyenyekevu kwamba sisi tunaishi katika kipindi cha bahati. Swali linalofuata haliulizi kwa nguvu inayotakiwa. Ikiwa wao watadanganywa na ushahidi uliokwisha kupotea, tutajuaje sisi kwamba hakuna jambo la msingi kuhusu asili ya ulimwengu ambalo ushahidi wake umeshavuka upeo wetu? Mfumuko wa Guth, kama ulitokea, ni mashine ya kufuta athari za kilichoutangulia. Mtu aliyeandika sura hiyo angetazamiwa kuwa wa mwisho kusema kwamba suala la asili limekaribia kufungwa.

Sura za tisa hadi kumi na moja ndizo zilizozua kelele. Humo Krauss anazungumzia hali ya kutokuwepo kitu katika viwango vitatu, na ni vyema msomaji avitenganishe mwenyewe, kwa sababu maandishi yanateleza kutoka kimoja hadi kingine bila kutoa taarifa.

Kiwango cha kwanza ni anga lililoondolewa kila chembe na kila mwale. Fizikia ya kwanta inasema kwamba ombwe hilo halitulii, bali jozi za chembe hutokea na kutoweka ndani yake katika muda mfupi usiopimika moja kwa moja. Athari zake hata hivyo hupimika: mwaka 1947 Willis Lamb aligundua tofauti ndogo katika viwango vya nishati vya atomi ya hidrojeni inayoelezeka kwa njia hiyo, na mwaka 1948 Hendrik Casimir alitabiri kwamba bamba mbili za metali zikisogezwa karibu sana ndani ya ombwe zitavutana, utabiri uliothibitishwa kwa usahihi mkubwa mwaka 1997. Ndipo Krauss anapolitumia jibu alilowahi kulitoa Frank Wilczek, kwamba kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu kwa sababu hali ya kutokuwa na kitu haina uthabiti. Ni kauli yenye kunasa sikio. Tatizo ni kwamba ombwe hili lina urefu, upana na kina, lina wakati, lina nyuga za kwanta (ambazo chembe ni mitikisiko yake), na lina sheria zinazotawala nyuga hizo. Hata lina nishati, na kukokotoa kiasi chake kumewaaibisha wanafizikia, kwani makadirio ya nadharia yanazidi kipimo kwa namba yenye sifuri zipatazo 120. Kitu chenye sifa zote hizo, na kinachopimwa maabara, ni kitu.

Krauss analijua hilo, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba haishii hapo. Kiwango cha pili kinaondoa hata nafasi na wakati. Alexander Vilenkin alionyesha mwaka 1982 kwamba katika hesabu za kwanta ulimwengu mdogo uliojifunga unaweza kuibuka kutoka hali isiyo na nafasi yoyote, na mwaka uliofuata James Hartle na Stephen Hawking walitoa mfano wao ambao ndani yake wakati hauna ukingo wa kuanzia, hata kuuliza nini kilikuwepo kabla kunapoteza maana. Hizi ndizo kurasa zenye thamani kubwa katika nusu ya pili ya kitabu, na ni fupi mno. Ningependa Krauss apunguze vijembe na aongeze maelezo, kwa sababu hapa ndipo mtu anayedai kwamba kutoka pasipo kitu ni upuuzi wa wazi anapokutana na hesabu inayomlazimisha afikiri upya. Lakini hesabu hiyo nayo inaanza na kitu: sheria za kwanta na za mvutano, ambazo lazima zifanye kazi ili kuibuka kwenyewe kuwezekane. Vilenkin anakiri jambo hili waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 2006, kwamba sheria zinaelekea kuwa zipo hata kabla ya ulimwengu, na anaacha fumbo hilo likiwa fumbo. Kukiri huko hakukumpunguzia heshima hata kidogo.

Kiwango cha tatu ndicho jaribio la Krauss la kulikwepa fumbo. Huenda, anasema, ziko malimwengu nyingi zisizo na idadi, kila moja na sheria zake zilizopatikana kwa bahati, na sisi tumo katika ile inayoruhusu kuwepo kwa viumbe wa kuuliza. Anataja nadharia ya nyuzi, inayozichukulia chembe kuwa nyuzi ndogo mno zinazotetema, na ambayo inaruhusu aina za ombwe nyingi kiasi cha moja ikifuatwa na sifuri 500, na hoja ya Steven Weinberg ya mwaka 1987 kwamba konstanti ya kosmolojia haiwezi kuwa kubwa kupita kiasi fulani, la sivyo galaksi zisingeumbika. Weinberg aliandika hayo zaidi ya miaka kumi kabla konstanti haijapimwa, na hilo linaipa fikra hii uzito ambao wapinzani wake mara nyingi hawautaji. Lakini hata umati wa malimwengu unahitaji utaratibu fulani wa kuzizalisha, na utaratibu huo ni sheria ya ngazi ya juu. Fumbo limesogezwa ghorofa moja juu, na halijatoka ndani ya nyumba.

Pingamizi hili lilielezwa kwa ukali mkubwa na David Albert, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyesomea fizikia ya nadharia hadi shahada ya uzamivu, katika mapitio aliyoyaandika kwenye gazeti la New York Times Machi 2012. Alisema kwamba kutokea kwa chembe katika ombwe ni mpangilio mpya tu wa nyuga zilezile, kama vile ngumi inavyotokea na kutoweka kwa jinsi vidole vinavyokunjwa na kukunjuliwa, hakuna kilichoumbwa. Krauss alijibu kwa hasira, akawadharau wanafalsafa katika mahojiano kiasi kwamba baadaye aliona vyema kuwaomba radhi kwa maandishi. Katika ugomvi huo Albert alikuwa sahihi kuhusu mantiki, na sioni jinsi ya kulikwepa hilo. Lakini mapitio yake yalikuwa na ukavu uliomnyima msomaji picha kamili, kwa sababu mtu aliyeyasoma peke yake hangejua kwamba kitabu kina sura nyingi nzuri, wala kwamba suala la nishati, ambalo kwa muda mrefu lilionekana kuwa kizuizi kisichopitika, limeondolewa njiani kwa kiasi kikubwa.

Utetezi mkuu wa Krauss ni kwamba kuuliza kwa nini kuna kitu ni kuuliza kwa njia gani kitu kimetokea, na kwamba sayansi hulibadilisha swali kadiri inavyoendelea. Historia inampa nguvu kidogo. Johannes Kepler mwaka 1596 alitaka kujua kwa nini sayari ni sita, akatunga jibu maridadi lililotegemea maumbo matano ya jiometri. Leo swali hilo halijibiwi, limeachwa tu, kwa sababu idadi ya sayari ni matokeo ya jinsi mfumo wetu wa jua ulivyojikusanya. Je, swali la Gottfried Leibniz la mwaka 1714, kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo chochote, halitaachwa vilevile? Inawezekana. Hata hivyo swali la Kepler liliachwa baada ya kuonekana mifumo mingine na sababu za kina zaidi za kulieleza jambo lilelile. Kwa kuwepo kwa vyote, sababu ya kina zaidi ingekuwa nayo sehemu ya vyote. Krauss anahitaji kuonyesha kwamba mfano wa Kepler unavuka hadi huku, na yeye anaudhania tu.

Udhaifu mwingine, ambao wahakiki wengi hawakuuzungumzia sana, ni umaskini wa kitabu katika historia ya mjadala wenyewe. Aristotle na Thomas Aquinas wanatajwa kwa kupita, kana kwamba walichosema ni kwamba lazima kuwe na mtu wa kwanza kusukuma. Ukweli ni kwamba Aristotle aliuona ulimwengu kuwa wa milele, na Aquinas, ingawa aliamini kuwa ulikuwa na mwanzo, alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuuthibitisha mwanzo huo. Kwake yeye uumbaji ulikuwa utegemezi: hata ulimwengu usio na mwanzo ungetegemea kitu kingine kila sekunde ili uendelee kuwepo. Ibn Sina alikuwa amekwisha kujenga hoja ya namna hiyo mapema zaidi. Al-Ghazali, katika kitabu chake cha mwaka 1095 cha kuwapinga wanafalsafa, alianza na suala la umilele wa ulimwengu na akatetea kwamba ulikuwa na mwanzo, na Ibn Rushd akamjibu karibu karne moja baadaye hoja kwa hoja. Mabishano hayo yanahusu moja kwa moja kile ambacho Krauss anajaribu kukimaliza, kwa sababu yanatenganisha maswali mawili anayoyachanganya: iwapo ulimwengu ulianza, na iwapo unajitosheleza. Hesabu za Vilenkin na Hawking zinagusa la kwanza. La pili haziligusi.

Anayetaka jibu la kikanamungu lenye nguvu kwa swali hilo la pili atalipata kwa Bertrand Russell, si kwa Krauss. Katika mdahalo wake na padri Frederick Copleston uliorushwa na redio ya BBC mwaka 1948, Russell hakudai kuonyesha ulimwengu umetoka wapi. Alisema tu kwamba upo, basi, na kwamba dhana ya sababu haipaswi kutumika kwa jumla ya vitu vyote. Mtu anaweza kulikataa jibu hilo, lakini halina mwanya wa kuchomoa sheria za fizikia mfukoni huku likisema mfuko ni mtupu. Krauss angelifuata, kitabu chake kingepoteza kichwa chake cha kuvutia na kubaki na hoja isiyoyumba.

Isidhaniwe kwamba utelezi uko upande mmoja tu. Midahalo mingi ya hadhara kuhusu jambo hili huwataja Arvind Borde, Guth na Vilenkin, ambao mwaka 2003 walithibitisha kwamba ulimwengu unaotanuka kwa wastani hauwezi kuwa umekuwa ukifanya hivyo tangu milele, na watetezi wa Muumba huliwasilisha tokeo hilo kana kwamba limethibitisha mwanzo wa vyote. Halikufanya hivyo. Linasema kwamba maelezo ya kutanuka yana mpaka upande wa nyuma na kwamba ng'ambo ya mpaka huo inahitajika fizikia nyingine, ambayo inaweza kuwa na mwanzo au isiwe nao. Krauss alikuwa na nafasi nzuri ya kuwasahihisha wapinzani wake kwa utulivu katika jambo kama hili, lakini mara nyingi anachagua kuwabeza, na kubeza hakumsaidii msomaji anayeketi kesho na mtu anayeshikilia tokeo hilo kama silaha.

Kuhusu umri wa kitabu, msomaji wa leo ajue kwamba kimeandikwa kabla ya mambo kadhaa. Chembe ya Higgs, inayohusishwa na uzito wa chembe nyingine, ilitangazwa kupatikana Julai 2012, miezi michache baada ya kitabu kutoka. Chombo cha anga cha Planck, kilichopima mnururisho wa mikrowevu, kilitoa matokeo yake makuu ya kwanza mwaka 2013, yakaweka umri wa ulimwengu kuwa takriban miaka bilioni 13.8 na kuthibitisha kwa usahihi zaidi kwamba maada ya kawaida ni kama asilimia 5 tu ya vyote. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa mradi wa BICEP2 lilitangaza kwamba limeona alama za mawimbi ya mvutano kutoka kwenye mfumuko, na baadaye ikabainika kuwa vumbi la galaksi yetu lingeweza kueleza walichokiona. Mwaka 2017 Job Feldbrugge, Jean-Luc Lehners na Neil Turok walichapisha hesabu zinazodai kwamba ulimwengu wa Hartle na Hawking usingekuwa laini kama wetu, na waliouunga mkono mfano huo wakajibu kwamba hesabu zenyewe zimefanywa kwa njia isiyofaa. Hakuna kati ya hayo kinachobatilisha sura za kihistoria. Yanayohusu sura ya kumi ndiyo yanayoonyesha kwamba kile kilichoandikwa humo kwa sauti ya uhakika bado kinabishaniwa na wanaohesabu.

Kwa msomaji mpya, lugha ya kitabu ni nyepesi, ingawa sura zinazohusu nishati ya ombwe zitamtaka arudie kurasa mara mbili. Mwalimu wa fizikia wa sekondari atapata humo mifano ya kutosha kuwavutia wanafunzi waliochoshwa na hesabu zisizo na hadithi. Mwanafunzi wa falsafa au theolojia asikikwepe kwa sababu ya vijembe, kwa kuwa akishindwa kueleza hoja ya nishati sifuri na mfano wa Vilenkin hana haki ya kusema kwamba amezijibu. Ushauri wangu ni kuanza na sura ya kwanza na kuliacha neno la Dawkins hadi mwisho kabisa, kisha kuyasoma mapitio ya Albert siku hiyohiyo sura ya kumi na moja inapomalizika, kabla mlio wa makofi haujazima maswali.